Tela la tone limebaki kumaliziwa: maji na vumbi kwanza, rangi baadaye

Swali: Shikamoo fundi. Nimejenga mwenyewe tela dogo la kulala, lile la umbo la tone la maji, futi 4 kwa futi 8, la kuvutwa na gari yangu ndogo. Chesisi nilichomelewa hapahapa Arusha, kuta na mbavu ni plaiwudi, na mgongoni nimeviringisha bati la alumini. Jiko liko nyuma, chini ya mlango unaofungukia juu. Wapita njia wanasema limekwisha, lakini mimi naona bado. Mlango wa jiko ukifungwa, chini unabaki mwanya wa kupita kidole. Mvua ya juzi imeacha unyevu kwenye kona moja ya ndani. Rafiki yangu anasema nijaze silikoni kila penye mwanya, kisha nipige rangi, basi. Mwezi wa sita nataka kwenda Ziwa Natron na mke wangu. Nianzie wapi, na kitu gani nisikisahau?

Jibu: Marahaba, kijana wangu, na hongera sana. Kulifikisha tela mahali ambapo watu wanadhani limekwisha ni kazi kubwa, na kuona kwamba bado ni jicho la fundi. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu ushauri wa rafiki yako ndio unaoua matela mengi ya nyumbani, na nisingependa uue la kwako ukiwa umebakiza hatua chache.

Silikoni iache dukani. Kama umeshainunua, itumie bafuni. Rangi haishiki juu yake, wala haishiki juu ya mabaki yake hata ukikwangua mpaka mkono uchoke. Ile ya bei nafuu yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huanzisha kutu kwenye skrubu za chuma. Kubwa kuliko yote, ukiziba kwa nje bila kujua maji yanaingilia wapi, unayafungia ndani. Yataingia kwa tundu usiloliona, yakose pa kutokea, yakae katikati ya tabaka za plaiwudi yakifanya kazi yake taratibu. Nayajua haya kwa sababu tela langu la kwanza nililijaza silikoni kila mshono. Vuli ya kwanza lilikuwa kavu. Ya pili nikaona doa la rangi ya chai chini ya dirisha. Ya tatu niliusukuma ukuta kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili. Niliumia moyo, maana mbao zile nilizipiga randa mwenyewe.

Nimekulia Pangani, kwa mjomba aliyekuwa fundi mashua. Alikuwa akipiga kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta, mshono baada ya mshono, na hakuruhusu mtu apake chochote juu ya ubao kabla hajahakikisha mshono umeshiba. Tela lako ni chombo cha maji kilichopinduliwa: mashua inazuia maji yasiingie kutoka chini, wewe unayazuia yasiingie kutoka juu. Ukilitazama hivyo, utaona kwamba umaliziaji ni kuziba, kupitisha hewa na kusawazisha uzito. Rangi inakuja mwisho kabisa.

Anza na ile kona yenye unyevu. Usiku, washa taa kali ndani, funga milango yote, kisha zunguka nje polepole. Kila panapopenya mwanga weka alama ya chaki. Siku ya pili mketishe mtu ndani na tochi, wewe shika mpira wa maji nje. Anza kumwagia chini kabisa, dakika kama 10, kisha panda kidogo, dakika 10 nyingine, mpaka ufike juu. Usianzie juu, kwa sababu maji ya juu yanatiririka mwili mzima na hutajua ni mshono gani uliopitisha. Mara nyingi doa la ndani haliko chini ya tundu la nje. Maji huingia kwenye skrubu ya paani, yakafuata ubavu wa mbao, yakatokea kwenye kona umbali wa mita nzima. Kwa hiyo usishangae ukikuta kona yako haina kosa lolote na mkosaji yuko juu, karibu na bawaba.

Ukishampata, usizibe siku hiyohiyo. Gonga plaiwudi kwa fundo la kidole: iliyo kavu inalia, iliyolowa inanyamaza. Toa ukingo wa alumini sehemu hiyo, acha wazi chini ya paa penye upepo kwa wiki nzima, hata mbili. Mbao iliyozibwa ikiwa na maji ni sawa na kidonda kilichofungwa kikiwa na usaha.

Sasa tuje kwenye kingo za plaiwudi, na hapa naomba usome kwa makini. Uso wa plaiwudi unavumilia mambo mengi. Ukingo wake, pale unapoziona tabaka, unakunywa maji kama utambi unavyokunywa mafuta ya taa. Kila ulipokata dirisha, mlango, tundu la waya au mviringo wa ubavu, umefungua midomo mamia. Na kama ulinunua ule ubao wa kahawia unaong'aa ambao wauzaji wetu wanauita marini, ujue kwamba mwingi wake ni plaiwudi ya kumiminia zege. Gundi yake huwa nzuri, lakini ule utando unaong'aa umewekwa ili zege lisiung'ang'anie ubao, na kwa sababu hiyohiyo rangi na gundi hazishiki. Piga msasa mpaka mng'ao wote uishe, la sivyo baada ya miezi michache rangi itabanduka kama ganda la kitunguu.

Kingo zinyweshe epoksi, ile ya makopo mawili. Changanya kidogo kidogo, kikombe cha chai tu kwa mara moja, maana kwenye joto letu mchanganyiko mwingi huchemka na kuganda kabla hujamaliza. Vaa glavu. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, uache ubao unywe. Kabla haujakauka kabisa, ukiwa bado unanata kidogo, pitisha wa pili, kisha wa tatu. Ukingo ukianza kung'aa kama kioo, umeshiba. Epoksi haipendi jua, hupauka na kuchakaa, kwa hiyo lazima ifunikwe na rangi, vanishi au ukingo wa alumini.

Skrubu nazo zina njia yao. Kila skrubu inayopita kwenye ngozi ya nje ni bomba la maji lililosimama wima. Zile zinazobeba uzito, yaani za bawaba, makomeo na mkono wa kushikilia, zitoe zote. Panua tundu kwa drili, jaza epoksi iliyotiwa vumbi la mbao, ikikauka toboa tena tundu dogo katikati. Sasa skrubu inashika epoksi, na maji yakiipita yanakutana na ukuta. Ni kazi ya kuchosha, siku mbili tatu, na hakuna mgeni atakayekusifia kwa sababu haionekani. Ifanye hivyo hivyo. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Chini ya kingo za alumini na kuzunguka madirisha weka utepe wa butili, ule unaonata kama ulimbo. Kaza skrubu kidogo kidogo ukizunguka, kama unavyokaza nati za tairi, mpaka utepe uanze kutokeza pembeni kote. Liache tela juani siku moja, butili italainika na kujipanga, kisha kaza tena na ukate iliyotokeza. Pale ambapo kweli unahitaji kitu cha kujaza kwa mkono, tumia gundi ya poliyurethani, ileile ambayo mafundi wa vioo vya magari hubandikia kioo cha mbele. Inashika, inanyumbuka, na inakubali rangi.

Jambo dogo kuhusu lile bati la mgongoni. Alumini hutanuka kwa joto kuliko mbao. Bati la futi 8 likitoka kwenye baridi ya alfajiri ya Karatu hadi jua la saa nane mchana, tofauti ikiwa nyuzi 40, linarefuka kama milimita 2. Kama umelibana ncha zote mbili bila nafasi, litainuka katikati na kupiga kelele, na mwisho litazing'oa skrubu zake. Acha upenyo wa milimita 2 au 3 kila mwisho, uufiche chini ya ukingo.

Tufike kwenye mlango wa jiko. Umbo hili lilianza Marekani miaka ya 1930, likashamiri baada ya Vita ya Pili ya Dunia, na kipimo chake cha futi 4 kwa 8 ni kipimo cha ubao mmoja wa plaiwudi. Tangu enzi hizo mpaka leo, mlango wa nyuma ndio unaowatesa wajenzi. Huo mwanya wako wa kidole una sababu mbili zinazowezekana, na ni rahisi kujua ni ipi. Fungua shokapu za mlango, zile za gesi, uuache mlango ulale kwa uzito wake. Mwanya ukitoweka, shokapu zako ndizo zinazosukuma: ni kali mno, au umezifunga mahali pabaya. Wengi wananunua zilizotoka kwenye buti ya gari kubwa, ambayo mlango wake ni wa chuma na kioo, kisha wanazifunga kwenye mlango wa plaiwudi. Nguvu yake huandikwa ubavuni kwa nyutoni. Tafuta zilizo dhaifu zaidi, hata kama itabidi uusaidie mlango kwa mkono unapoufungua.

Mwanya ukibaki vilevile hata bila shokapu, basi mbavu za mlango zimefunguka. Plaiwudi uliyoikunja kwenye fomu, ukiitoa, hujirudisha kidogo, kila mara. Usijaribu kuulazimisha kwa komeo moja la katikati. Litauvuta katikati na kuzifungua kona, na kwenye kona ndiko maji yanakoingilia. Badala ya kuukunja mlango uufuate mwili, uongeze mwili uufuate mlango. Funga mlango, chukua penseli na kipande cha mbao, chora mwanya ulivyo kwenye kizingiti kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Piga randa ubapa wa mbao ngumu kwa umbo hilo, ugandishe kwa epoksi juu ya kizingiti. Kisha weka makomeo mawili, moja kila upande, karibu na kona za chini.

Ndipo sasa uweke raba. Ile yenye bomba ndani, ya milango ya magari, inafaa sana, na kwa wauza vipuri vya zamani utaipata. Mlango ukifungwa raba ibanwe kama theluthi ya unene wake. Ikibanwa zaidi inachoka na kulala, ikibanwa pungufu haizibi. Upime hivi: paka chaki ukingo wote wa mlango, ufunge, ubane makomeo, ufungue. Chaki itakuwa imehamia kwenye raba. Palipobaki peusi hapajagusana, ongeza karatasi ya raba nyembamba chini yake hapo tu. Rudia mpaka mstari wa chaki usikatike.

Hata hivyo usiitegemee raba peke yake. Raba ni askari wa mwisho. Juu ya bawaba, kwenye upana wote wa tela, lalisha ubapa wa turubai zito la lori au raba laini. Ushikilie kwa skrubu na butili upande wa paa tu, na uuache uteleze juu ya mlango sentimita 5 hivi. Maji ya paani yatapita juu ya bawaba bila kuigusa. Na chini ya ule mwanya wa bawaba, kwa ndani, funga mfereji mdogo wa alumini unaomwaga pande zote mbili nje ya kuta. Siku turubai likipasuka, matone yataangukia mferejini, hayatafika kwenye unga na sukari. Hiyo ndiyo tabia ya chombo kizuri: kinayazuia maji, na kinayatengenezea njia yale yaliyoshinda.

Vumbi ni suala jingine, na nikisikia Natron nalifikiria kuliko mvua. Mwezi wa sita hutapata mvua ya maana, ila ile njia kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngare Sero itakufundisha. Gari likitembea, nyuma yake hewa inapungua, na palipopungua hewa hufyonza. Tela linafyonza vumbi kwa kila upenyo wa nyuma, hata ule ambao maji yameshindwa kuupita. Raba pekee haitashinda. Dawa ni kuijaza hewa ndani: weka tundu la hewa mbele, juu, likitazama mwendo wa gari, lenye kichujio cha sponji unachoweza kukitoa na kukifua. Ukiwa njiani ufungue hilo la mbele na ufunge ya nyuma yote. Hewa iliyochujwa inasukumwa ndani, na vumbi linakuta mlangoni upepo unaotoka. Kwenye lami funga. Jikoni fanya vivyo hivyo, au acha upenyo kwenye ukuta unaotenganisha chumba na jiko.

Ukisimama kulala, mambo yanageuka. Chumba chako hakizidi mita 3 za ujazo, na watu wawili usiku kucha wanatoa kwa pumzi na jasho maji ya kujaza glasi na zaidi. Kwenye baridi ya nyanda za juu maji hayo yanagandama kwenye alumini na madirisha, asubuhi yanadondoka juu ya blanketi, na wewe unadhani paa linavuja. Usikimbilie kuziba tena. Weka matundu mawili yasiyofungika kabisa unapolala, moja chini karibu na sakafu upande mmoja, moja juu upande wa pili, yote yenye wavu mwembamba. Mto wa Mbu haukupewa jina lile bure.

Hewa hiyo ina kazi nyingine kubwa zaidi. Nakuomba kama mwanangu: usiingize jiko la mkaa ndani ya tela, hata likiwa limebaki majivu yenye joto, hata kwa dakika tano, hata mlango ukiwa nusu wazi. Gesi ya mkaa haina harufu na haimwamshi mtu. Katika chumba kikubwa tu imeshaua familia, sembuse katika kisanduku cha mita 3. Mkihisi baridi, ongezeni blanketi.

Na gesi ya kupikia. Mtungi wa kilo 6 uweke nje, mbele kwenye mkono wa tela, umesimama wima na umefungwa kwa mkanda. Usiulaze, usiuweke kwenye kabati la jikoni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kulala sakafuni kama maji, ikisubiri cheche. Kwa hiyo sakafu ya jiko lazima iwe na tundu la kutokea nje, la upana wa kidole gumba, lenye wavu. Kila unapounganisha mpira, paka povu la sabuni kwenye viungo. Pakitoa mapovu, funga.

Umeme wa ndani ni mwepesi. Taa za ledi za wati 10 zikiwaka saa 5 zinakula kama ampea-saa 4 kwenye betri ya volti 12, kwa hiyo betri ya wastani inatosha sana, na paneli ndogo ya sola itairudisha. Sharti langu ni moja: fyuzi iwe karibu kabisa na betri, isizidi urefu wa kiganja, kwenye waya chanya. Waya unaosuguana na chesisi kwenye barabara mbovu utachubuka tu, na bila fyuzi ndiyo moto wenyewe. Kila waya unapopita kwenye chuma, uvalishe raba.

Taa za barabarani zinahitaji muda zaidi. Kwenye soketi ya pini 7 inayotumika sana kwetu, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeusi taa ndogo ya kushoto, kahawia ya kulia, bluu ya ziada, na nyeupe ni ardhi. Waya mweupe ndio wanaousahau. Wanaiacha ardhi ipitie kwenye kile kichwa cha chuma cha kuvutia. Siku ya kwanza inafanya kazi. Kichwa kikipakwa grisi au kupata kutu, ukiwasha indiketa taa zote zinawaka nusu nusu kwa zamu, na dereva wa nyuma hajui unaelekea wapi. Ukiona taa zinacheza hivyo, usibadilishe balbu, tafuta waya mweupe. Ongeza utepe wa kuakisi, mwekundu nyuma na mweupe mbele. Na kumbuka tela lina usajili wake TRA, yaani mamlaka ya mapato, mbali na gari. Lishughulikie hilo sasa, si wiki ya safari.

Umelipima uzito? Najua hujalipima, maana hukuligusia, na karibu kila anayeniandikia hasemi. Pakia kila kitu kama unavyokwenda safari: maji, godoro, sufuria, mtungi. Lipeleke kwenye mizani upate uzito wote. Kisha weka mizani ya kupimia watu chini ya kichwa cha mkono, tela likiwa sawa bin sawia, usome. Mkono ubebe asilimia 10 ya uzito wote, au zaidi kidogo, na usizidi kiwango cha gari lako. Tela la kilo 480 liwe na kilo 48 kwenda juu. Ikipungua sana, tela linaanza kutikisa mkia kwenye mteremko, na ukikanyaga breki kwa hofu linazidi.

Jiko la nyuma ndilo linaloharibu hesabu hii. Tuseme umeweka madumu mawili ya maji ya lita 20 jikoni, mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kichwa cha kuvutia kiko mita 2.2 mbele ya ekseli. Zile kilo 40 zinaunyanyua mkono kwa karibu kilo 22. Ulianza na 48, umebakiwa na 26, bila kubadilisha chochote ila kujaza maji. Maji yaweke juu ya ekseli au mbele kidogo, chini ya kitanda. Kama makabati ya nyuma ni ya ubao wa milimita 18, yatoe utengeneze ya milimita 9. Nayasema haya nikijua yanauma.

Hapo ndipo urembo unapoanza, na sitakaa nao sana kwa sababu unaujua. Ndani pitisha vanishi mikono mitatu, ukipiga msasa laini katikati, kisha usilale humo kwa wiki nzima mpaka harufu iishe kabisa. Chini ya godoro weka fito zenye nafasi, au toboa matundu kwenye ubao, la sivyo ukungu utaota upande wa chini wa sponji. Nje chagua rangi nyeupe au ya maziwa. Utaona tofauti mchana ukiweka mkono ukutani. Kabla ya praima, ioshe alumini, ikwangue kwa msasa laini, na utumie praima iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini, si ile nyekundu ya chuma.

Kabla ya Natron, laleni uani usiku mmoja, nyote wawili, mkiwa mmefunga kila kitu kama mko porini. Pikeni chai jikoni alfajiri. Mtagundua ndoano ya taa iko mbali, komeo la mlango halifunguki kutokea ndani, shuka halifiki. Hilo la komeo ni la lazima: kila mlango wa chumbani ufunguke kwa ndani bila ufunguo. Kisha fanya safari fupi, Arusha hadi Makuyuni na kurudi. Simama baada ya kilomita 50, kaza nati za tairi, weka kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu. Joto la kawaida ni sawa. Kikikuunguza, beringi imebanwa mno au haina grisi, rudi nyumbani.

Mkirudi kutoka ziwani, usilale kabla hujaliosha tela kwa maji baridi mengi, hasa chini na kwenye maungio. Lile vumbi jeupe la kule ni magadi, na magadi yanaila alumini. Likiisha kukauka, washa tena taa ndani usiku na ulizunguke na chaki yako.